Mashine ya Kukaushia Shuka za Baba

Mvua ile ilikuwa na inda. Si mvua ya kunyesha ikaisha, watu wakatoka wakaanika vitu vyao. Ilinyesha, ikajifanya imechoka, Dada akapanda na beseni la nguo mpaka paani, na kabla vibanio havijamwisha mkononi ikaanza upya. Mwisho akaacha kupanda. Akafunga kamba sebuleni, akafunga nyingine kwenye ujia, ya tatu ikapita juu ya meza ya kulia, nyumba nzima ikawa ya kutembea umeinama. Mgeni akiingia alipigwa kofi la shuka kabla hajajibiwa hodi yake.

Shuka zenyewe zilikuwa za baba yake. Baba alikuwa kinyozi mstaafu, mtu aliyepiga pasi hata leso, na kiharusi kilikuwa kimemuua upande mmoja wa mwili na kumwondolea uwezo wa kuzuia mkojo. Walijaribu nepi za watu wazima, zikamtoa vipele, akawa anazivua kwa mkono wake mzima na kuzitupa chini ya kitanda. Siku nzuri iliharibika shuka moja. Siku mbaya hata foronya hazikupona.

Dada ndilo jina aliloitwa na wadogo zake, kwa kuwa ni mkubwa wao, na mtaa mzima ukalidaka. Wapo wanaowaita wasichana wa kazi za ndani kwa neno hilohilo, na yeye alizoea kusema, kwa utani ambao siku hizi haukumchekesha mwenyewe, kwamba limemkaa kwa maana zake zote mbili. Asubuhi alimsafisha Baba, akamlisha, akampangia chai na maji kwenye kigoda kando ya kitanda pale chini ya dirisha la sebuleni, akamwachia mama jirani ufunguo wa kuja kumwangalia mchana, kisha akakimbilia kazini, kwenye kliniki ya meno, alikokaa mapokezi. Jioni alirudi kufua. Hakuwa na mume wa kumlalamikia wala mtoto wa kumtuma.

Sasa, nguo isiyokauka vizuri ina uvundo wake, na uvundo hauna adabu, unakufuata mpaka kazini. Siku moja daktari wa meno, mama mpole asiyependa kumuumiza mtu hata kwa sindano, alimwita pembeni na kumuuliza kama nyumbani kuna bomba limepasuka. Dada alielewa mara moja. Alinusa bega la sare yake, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini lililomnyima raha hasa halikuwa hilo. Mdogo wake wa kiume, aliyeishi mji mwingine na kuwaongoza wote kwa simu, alikuwa amekwisha kupata nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee.

“Dada, tusidanganyane,” alimwambia. “Mvua hii ikikatika nakuja kumchukua. Utatangulia kufa wewe.”

Dada aliwahi kwenda kwenye nyumba ile kumwona mwalimu wake wa zamani. Aliwakuta wazee wamepangwa ukutani kwenye viti vya plastiki, wanaitazama televisheni iliyozimwa. Aliapa kwamba Baba hatakaa kwenye kiti kile maadamu yeye yuko hai. Akafikiri, akazunguka, akarudi palepale: kinachowashinda si Baba, ni shuka. Shuka zikikauka, nyumba itakuwa nyumba, naye Baba atabaki. Kinachotakiwa ni mashine ya kukausha.

Na si wazo lake peke yake, ndivyo alivyoamini. Kiharusi kilimwachia Baba maneno ya kuokoteza. “Ndiyo” ilikuwepo, “basi” ilikuwepo, mengine yalitoka yamepondeka, ila neno moja lilitoka safi kama zamani: “Kausha.” Alilisema Dada alipofunua blanketi. Alilisema Dada aliposimama mlangoni kumsimulia mama jirani jinsi kulivyokucha. Alimshika bintiye kifundo cha mkono, akamkazia macho: “Kausha. Kausha.”

“Nimesikia, Baba, nitakausha,” Dada alijibu, maji yakiwa yamemfika shingoni. “Nitakausha na nini? Jua lenyewe liko wapi?”

Ndipo akafungua kikundi cha familia kwenye simu. Akapiga picha shuka moja iliyokuwa bado haijafuliwa, ramani ya mkojo ikionekana vizuri katikati, akaituma, akafuatisha na ujumbe wa sauti akiwa amesimama palepale kando ya kitanda.

“Ndugu zangu, mimi nimefika mwisho. Baba anajikojolea kila siku iendayo kwa Mungu. Shuka hazikauki, godoro linanuka, mimi mwenyewe nanuka. Na Baba maskini hana neno lingine mdomoni isipokuwa kausha, kausha. Mwenyewe anaomba. Tuchange tununue mashine.”

Majibu ya sauti yaliingia akiwa na sabuni mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo akayaacha yajisemee kwa sauti ya juu. Shangazi akatoa pole. Binamu akauliza kama ni kila siku au baadhi ya siku. Mke wa binamu, mwenye sauti ya tarumbeta, akasema, “Jamani, yule mzee na unadhifu wake wote! Kumbe sasa anajikojolea kama mtoto?” Wengine wakatuma vikatuni vya kulia machozi. Baba aligeuzia uso dirishani. Dada alidhani anatazama mvua.

Familia ilichanga, tena haraka, maana picha ile ilimwaibisha kila aliyeiona. Dada akatumia saa yake ya chakula kwenda dukani.

Alidhani mashine ya kukausha ni mashine ya kukausha. Kumbe zina koo na milango! Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai na mdomo mwepesi, alimpitisha kwenye safu nzima akizipapasa mgongoni kama anauza ng'ombe.

“Hii inatoa mvuke nje kwa bomba. Nguvu zake si za mchezo. Unatoboa ukuta tu hapa, bomba linatoka.”

“Nyumba ya kupanga hiyo,” Dada alisema. “Nikitoboa ukuta, mwenye nyumba atanitoboa mimi.”

“Basi chukua yenye tangi. Maji yote yanayotoka kwenye nguo yanajikusanya humu. Unavuta hivi, kama mtoto wa meza, unamwaga, unarudisha.”

“Na hii iliyojitenga?”

“Hii nayo ina tangi, ila inakausha kwa joto la taratibu. Umeme inaonja tu. Lakini haina haraka, na bei yake, mama, mpaka ukae chini.”

Dada aliikwepa kwa macho. Akauliza kama ile ya katikati inaingia blanketi. Akauliza kama itazima umeme wa jengo zima akiiwasha na jiko kwa pamoja. Alikuwa amepima mlango wa jikoni kwa uzi, akautoa uzi kwenye mkoba, akaukunjua mbele ya mashine. Ilipita, kwa kubana pumzi.

“Mko wangapi nyumbani?” muuzaji aliuliza.

“Nguo ni za mtu mmoja.”

“Mtu mmoja!” Muuzaji alicheka. “Mtu mmoja si unatundika tu bafuni?”

Basi Dada akamweleza. Akaanza na kiharusi, akaja kwenye nepi na vipele, akaingia kwenye godoro, hakuacha kitu. Wateja wakasogea. Mwanamke aliyeshika birika la umeme akalirudisha rafuni ili asikilize vizuri, akamshika bega na kumwambia, “Pole, mwenzangu, una moyo.” Tusimlaumu Dada sana hapo. Kwa muda mrefu alikuwa anapewa maagizo tu. Kupewa pole kulimpendeza, na kila aliporudia habari ile aliirefusha kidogo ili pole nayo irefuke. Aliondoka na risiti ya ile yenye tangi, roho yake nyepesi kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Wapagazi waliipandisha ngazi kwa kugombana na kila kona. Milango ilifunguliwa. “Mashine ya nini hiyo?” majirani waliuliza, na Dada, akipanda nyuma yao, aliwajibu wote, sakafu kwa sakafu, ni ya nini na ni kwa ajili ya nani.

Shuka za kwanza zilitoka na joto la mkate. Dada alizikumbatia kifuani, akacheka peke yake jikoni, kisha akaenda kumtandikia Baba hapohapo. Baba alifumba macho shuka ilipomgusa. Mkono wake mzima uliipapasa polepole, kama zamani alivyopapasa kidevu cha mteja kuona kama wembe umeacha kitu. Laiti Dada angeishia hapo.

Lakini alikumbuka tangi. Alilivuta, akalikuta limejaa, akaja nalo sebuleni amelishika kwa mikono miwili, wapagazi, waliobaki waione inavyofanya kazi, wakiwa bado wanakunywa maji na mama jirani akiwa amekuja kushangaa.

“Ona, Baba!” akasema kwa furaha. “Ona maji uliyokuwa umenijazia humu ndani!”

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka. Yale yalikuwa maji ya bomba, maji ya kusuuzia, masafi kuliko ya kwenye ndoo. Lakini mzee angejuaje, na nani alijisumbua kumwambia? Baba aliliangalia tangi, akawaangalia wapagazi mmoja mmoja.

“Kausha,” akasema.

“Si ndiyo imekausha, Baba! Imekausha tiii!”

Hazikupita siku nyingi, Baba akaanza kuamka mkavu. Mara ya kwanza Dada hakuamini. Mara ya pili alipiga vigelegele. Mashine ilibaki na kazi ya sare yake na taulo za jikoni. Kamba za sebuleni zikafunguliwa, watu wakaanza kutembea wima. Kwenye kliniki daktari wa meno alipita karibu na meza ya mapokezi, akavuta pumzi, akatabasamu. Dada akatuma ujumbe kwenye kikundi: “Baba amepata nafuu! Hajikojolei tena! Mungu ni mkubwa na mashine ni nzuri.” Mdogo wake akajibu, shingo upande, kwamba basi wangoje kwanza, waone. Dada aliusoma ujumbe ule huku machozi yanamtoka. Alikuwa ameshinda.

Aliona kwamba Baba amekonda. Aliona kwamba analala sana, na kwamba mkojo kidogo uliotoka alipomwekea kopo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Akasema ni dawa. Mtu mwenye furaha ya kuokota haichunguzi sana.

Siku moja ya mapumziko mwanamke wa sakafu ya chini alipanda amekunja uso, blauzi nyeupe mkononi.

“Nani humu ananimwagia chai kwenye kibaraza changu? Kila nikianika, madoa. Kila nikianika, madoa!”

“Humu? Chai?” Dada alishika kiuno. “Humu tuko wawili. Mmoja amepooza, mwingine anashinda kazini. Kaulize wa juu.”

“Wa juu wamehama!”

“Basi imenyesha chai.”

Walirushiana maneno ambayo hayana faida kuandikwa, Dada akaubamiza mlango. Alimgeukia Baba akicheka. “Umesikia vituko hivyo? Eti tunamwaga chai.” Baba alikuwa amefumba macho. Kikombe kwenye kigoda kilikuwa kitupu, na Dada akafurahi kwamba Baba anamaliza chai yake vizuri.

Jioni ileile akaja Kipara. Kipara alikuwa mwenzake Baba wa miaka mingi kinyozini, na jina hilo alipewa na wateja, maana walisema hawajawahi kuona mpishi anayeshinda njaa: kichwa chake hakikuwa na hata unywele wa kufanyia majaribio. Alikuja na mkasi na kitana amevifunga kwenye taulo, akakaa ukingoni mwa kitanda kumpunguza rafiki yake nywele. Dada akaleta chai, na kwa kuwa amepata mtu ambaye hajasikia, akaanza tangu mwanzo. Shuka. Nepi. Godoro. Duka. Tangi.

“Kausha,” Baba alisema, kwa sauti iliyokwaruza.

“Unamsikia, mzee Kipara? Mpaka leo anaisifia mashine.”

Mkasi wa Kipara ulisimama.

“Mashine ipi, mwanangu? Anakwambia unyamaze.”

“Hapana, ni shuka, anataka...”

“Hiyo ni kausha ya kinyozini.” Kipara hakuinua sauti. “Mteja akikaa kwenye kiti, ukimfunga kitambaa shingoni, anafunguka. Mkewe kafanya hivi, tumbo lake limefanya vile. Baba yako alikuwa akitupitia nyuma anatunong'oneza: kausha. Yaani umesikia, hukusikia. Mtu asione aibu kurudi kesho. Mimi mwenyewe alinifundisha hivyo siku ya kwanza, kabla hajanipa wembe.”

Wala si neno la siri. Mtaa mzima unalitumia, na Dada mwenyewe siku chache nyuma aliwasimulia wenzake kazini jinsi mgonjwa mmoja alivyomtukana naye akakausha tu. Lakini mtu aliyezungukwa na shuka mbichi husikia shuka. Alisimama na sinia mkononi, na watu wote aliowaambia wakampitia kichwani wakiwa na nyuso zao: mke wa binamu, mwanamke wa birika, wapagazi, sakafu kwa sakafu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

“Baba,” alisema. “Ulikuwa unaniambia ninyamaze? Siku zote hizi?”

“Ndiyo,” Baba alisema.

Dada alipiga magoti. Hakujua aombe radhi kwa lipi, ataje lipi aache lipi, kwa hiyo akachukua kikombe cha chai, akampelekea mdomoni, maana ndicho kitu alichojua kumfanyia. Midomo ya Baba ilikuwa imepasuka, na aliibana. Dada akasogeza kikombe tena. Baba akageuza uso. Kisha, kwa mkono wake mzima, akakipokea kikombe, akakinyoosha mpaka dirishani na kukiinamisha nje, taratibu, bila kudondosha hata tone ndani, kama kazi aliyokwisha kuizoea.

Mvua iliipokea chai. Kipara akambana Baba ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama.

Hospitalini daktari hakuzunguka. Alisema mwili umeishiwa maji kwa muda mrefu, figo zimegoma, na kwa umri ule hakuna wa kumwahidi kitu. Walimtundikia chupa, wakamwekea mpira na mfuko wa mkojo ukining'inia chini ya kitanda. “Sasa tunasubiri mkojo,” daktari alisema. “Ukija, tutakuwa na la kuzungumza.” Dada alikaa kwenye kiti akiutazama ule mfuko. Chupa ya juu ilikwisha, wakatundika nyingine, na mfuko ulikuwa bapa kama ulivyotoka kwenye karatasi yake.

Mdogo wake alifika kesho yake na nguo za safari. Hakutaja nyumba ya wazee. Alisimama miguuni pa kitanda akichezea funguo za gari, akalia bila kujificha, na Dada akamwonea wivu, maana mdogo wake alikuwa na la kulilia moja tu.

Mchana, ndugu waliokuja kuona wagonjwa walipojaa wodini kila mtu na mtu wake, Dada aliinama mpaka midomo yake ikagusa sikio la baba yake. Lilikuwa la moto.

“Baba, kojoa,” alinong'ona. “Kojoa tu, Baba. Mimi nitafua. Sitamwambia mtu.”

Baba alipumua kwa shida.

Nesi aliyekuwa mezani, mwisho kabisa wa wodi, aliinua kichwa. “Yule mzee wa kitanda cha pembeni,” akauliza kwa sauti ya kuwapita wote, “amekojoa?”

Watu wakageuka. Dada akainuka, akapita katikati ya vitanda mpaka mezani, akainama kumwambia nesi sikioni.

“Nini? Mama, sema kwa sauti, sikusikii. Mzee amekojoa au hajakojoa?”

“Hajakojoa,” Dada alisema, na wodi nzima ikasikia.